Chesisi ya Lotus Elise: kwa nini gundi ilishinda kuchomelea

Watu wakizungumzia gari la spoti huanzia kwenye injini: lina farasi wangapi, lina turbo au halina, linafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde ngapi. Mimi huanzia chini, kwenye chesisi, yaani kiunzi kinachobeba gari zima. Chesisi ikiwa inajisokota, springi na shokapu za bei kubwa kiasi gani hazitaliokoa gari hilo.

Sababu yake ni hii. Gari likiingia kona, uzito huhamia tairi za nje. Mhandisi anataka kuamua mwenyewe tairi ya mbele ibebe kiasi gani na ya nyuma ibebe kiasi gani, maana hapo ndipo inapojulikana kama gari litasukuma pua nje ya kona au litarusha mkia. Uamuzi huo anaufanya kwa springi na stabilaiza, fimbo inayounganisha saspensheni ya kushoto na ya kulia. Tatizo ni kwamba chesisi nayo ni springi, imekaa kati ya saspensheni ya mbele na ya nyuma. Chukua gari ambalo saspensheni yake ya mbele inahitaji newton-mita 500 (newton-mita ni kipimo cha nguvu ya kusokota) ili iinamishwe digrii moja, na ya nyuma hivyohivyo. Chesisi yenye ukakamavu wa newton-mita 2,000 kwa digrii itameza karibu asilimia 11 ya msokoto wote. Yenye 10,000 itameza chini ya asilimia 3. Asilimia 11 inaweza kuonekana ndogo, lakini kumbuka springi hiyo haina shokapu ya kuituliza. Inanesa inavyotaka, na dereva anaihisi kama gari linalochelewa kumjibu. Unabadilisha stabilaiza, husikii tofauti ya maana, unalaumu tairi.

Ukakamavu na uimara ni vitu viwili, na wengi huvichanganya. Uimara ni kiasi cha mzigo ambacho chuma kinabeba kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika. Ukakamavu ni jinsi kinavyokataa kunesa chini ya mzigo, ule mneso unaorudi mzigo ukitolewa. Chesisi inaweza kuwa imara kabisa, isipasuke miaka 20, na bado ikawa laini kama uji.

Kupima ukakamavu wa msokoto hakuhitaji mashine ya ajabu, kunahitaji umakini. Toa springi na shokapu, weka fimbo za chuma mahali pake ili saspensheni isicheze. Shika sehemu za nyuma zinapofungwa saspensheni kwenye stendi nzito iliyofungwa sakafuni. Mbele, kalisha chesisi juu ya boriti ya kukingama yenye egemeo moja katikati, kama mizani. Ning'iniza kilo 100 umbali wa mita moja kutoka kwenye egemeo: hizo ni newton-mita 981. Chesisi ya newton-mita 10,000 kwa digrii itajisokota chini kidogo ya digrii 0.1, na geji iliyowekwa sentimita 60 kutoka katikati itasoma takriban milimita moja tu. Ndiyo maana stendi ikititia kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kipimo chako kimeshaharibika kwa asilimia 10. Pakia na kupakua mara mbili tatu kwanza ili nafasi zote kwenye bolti zizibike, ndipo uanze kuandika. Andika wakati wa kuongeza mzigo na wakati wa kuupunguza. Namba zisiporudi kwenye njia ileile, kuna kiungo kinachoteleza.

Usiweke geji moja. Panga jozi kadhaa kutoka mbele hadi nyuma, uchore grafu ya pembe dhidi ya urefu. Mahali mstari unapopanda ghafla ndipo chesisi ilipo dhaifu, na mara nyingi ni kwenye uwazi wa milango au pale fremu ya mbele inapokutana na chumba cha abiria. Namba moja ya jumla inafaa kwa broshua, lakini anayetaka kurekebisha chesisi hutazama ile grafu.

Sasa tuje kwenye alumini. Wengi wanaamini kwamba alumini ni nyepesi, basi ukibadilisha chuma kwa alumini umemaliza kazi. Uzito wake kweli ni takriban theluthi ya chuma, gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 7.85. Lakini na ukakamavu wake pia ni theluthi: gigapaskali (kipimo cha ukakamavu wa kitu chenyewe) 70 hivi dhidi ya 210. Ukivuta fimbo mbili za uzito sawa na urefu sawa, moja ya chuma na moja ya alumini, zinarefuka karibu sawa. Faida inapatikana kwenye umbo. Kwa kuwa alumini ni nyepesi, unaweza kutengeneza boksi kubwa zaidi kwa uzito uleule, na boksi likikua, ukakamavu wake huruka. Ongeza upana na kimo cha boksi mara mbili bila kubadili unene wa ukuta: uzito unaongezeka mara 2, ukakamavu wa msokoto unaongezeka mara 8.

Hapo ndipo Lotus Elise, gari dogo la spoti la kampuni ya Lotus, inapoingia. Gari hili lilioneshwa Frankfurt mwaka 1995 na kuanza kutengenezwa mwaka 1996 huko Hethel, Norfolk, Uingereza. Chesisi yake, iliyobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Richard Rackham, ina uzito wa kilo 68 tu na ukakamavu wa takriban newton-mita 10,000 kwa digrii. Kila aliyewahi kuingia ndani ya Elise ya kwanza anakumbuka kizingiti cha mlango: kirefu, kipana, unakivuka kama unapanda mtumbwi. Kizingiti hicho ndicho chesisi yenyewe. Maboksi mawili makubwa ya pembeni, yaliyounganishwa na mihimili ya kukingama, yanafanya kazi ya paa ambalo gari halina.

Maboksi hayo ni alumini iliyokamuliwa, kazi iliyofanywa na kampuni ya alumini ya Hydro huko Tønder, Denmark. Ukiwahi kuona tambi za dengu zinavyotengenezwa, umeielewa tayari: unga unasukumwa kwenye kitundu, unatoka na umbo la kitundu. Hapa unga ni gogo la alumini lililopashwa joto la karibu digrii 450 hadi 500, na kitundu ni kalibu ya chuma kigumu. Uzuri wake ni kwamba kalibu ya kukamulia inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kalibu za kugandamiza bodi ya chuma, hivyo kampuni ndogo inayouza magari machache inaweza kumudu. Tena unaweka nyama pale unapoitaka: kuta za ndani, mfereji wa bolti, ukingo wa kupokea gundi, vyote vinatoka kwa mkupuo mmoja.

Vipande hivyo havikuchomelewa, viligundishwa. Basi kwa nini gundi? Alumini ya aina hii, ya familia ya 6000, hupata uimara wake kwa kupikwa kwenye joto la kiasi kwa saa kadhaa. Ukiichomelea, joto linafuta mapishi hayo, na eneo linalopakana na mshono linaweza kupoteza hadi karibu nusu ya uimara. Ili kufidia, itabidi unenepeshe ukuta wote, pamoja na maeneo ambayo hayakuhitaji unene. Juu ya hayo, vipande vinajipinda vikipoa. Gundi ya epoksi inayoivia kwenye oveni haina balaa hilo. Gundi nyingi za aina hii huiva kwenye digrii 150 hadi 180, joto ambalo haliko mbali na lile la mapishi ya alumini yenyewe.

Nguvu yake inashangaza kwa hesabu ndogo tu. Epoksi nzuri hubeba megapaskali 20, yaani newton 20 kwa kila milimita ya mraba, au zaidi vipande vinapovutwa sambamba na gundi. Vipishanishe kwa milimita 25 kwenye upana wa milimita 100, una milimita za mraba 2,500, sawa na newton 50,000. Hizo ni karibu tani tano, zimebebwa na utando wa gundi wenye unene wa sehemu chache za kumi ya milimita. Wala usidhani kwamba ukizidisha mpishano mara mbili nguvu nayo inazidi mara mbili. Mzigo hujikusanya kwenye kingo, katikati ya gundi pamepumzika.

Adui mkubwa wa gundi ni kubanduliwa. Kiungo kilekile cha tani tano kinaweza kufunguka ukikianza pembeni kwa kukichokonoa juu, kama unavyobandua stika. Katika ajali, vyuma vikianza kujikunja, kubanduliwa ndiko kunakotokea. Kwa hiyo chesisi ya Elise ina skrubu kwenye ncha za viungo. Kazi yake si kubeba mzigo wa kila siku. Zinashika gundi isianze kufunguka. Pia hushikilia vipande mahali pake hadi oveni imalize kazi, na hilo linapunguza haja ya vibanio vikubwa.

Sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote ni usafi wa uso. Alumini ikiguswa na hewa hujivika utando wa oksidi papo hapo, na oksidi hiyo ya asili haiaminiki: maji yanapenya chini yake polepole na gundi inaachia baada ya miaka, ingawa siku ya kwanza ilishika vizuri sana. Dawa ya Elise ni kuanodaizi vipande kabla ya kugundisha. Vinazamishwa kwenye tindikali na kupitishwa umeme ili oksidi imara ya kudhibitiwa ikue. Baada ya hapo, kidole kimoja kitupu kinatosha kuharibu kazi, kwa sababu mafuta ya ngozi yanabaki. Glavu safi ni lazima, na zibadilishwe.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila karakana inaweza kukifanya. Mwagia maji safi juu ya kipande. Yakitanda kama kioo bila kukatika, uso ni safi. Yakijikusanya kama matone ya mvua juu ya jani la mgomba, kuna mafuta, rudi ukaoshe upya. Kipimo cha pili ni cha kuvunja: gundisha vipande vya majaribio pamoja na kazi halisi, kwa gundi ileile na oveni ileile, kisha virarue. Gundi ikibaki pande zote mbili, imeraruka yenyewe katikati, na hiyo ni habari njema. Upande mmoja ukiwa umebaki mtupu unang'aa, maandalizi ya uso yamekosewa. Vipimo vya mawimbi ya sauti vinaona mapovu na mahali gundi haikufika, lakini havioni gundi iliyogusa bila kushika. Ndiyo maana kiwandani ubora unalindwa kwa kudhibiti kila hatua.

Nyuma ya Elise ya kwanza kuna fremu ya chuma kilichopakwa zinki, imefungwa kwa bolti. Chuma na alumini vikigusana penye maji yenye chumvi, alumini inaliwa. Kwa hiyo palipo na bolti ya chuma lazima pawe na kitenganishi, na kikipotea wakati wa matengenezo, baada ya miaka utakuta unga mweupe kuzunguka tundu. Anayeendesha gari la alumini pwani achunguze hapo kwanza.

Wepesi wa kilo 68 ulishuka hadi kwenye kila kitu kingine. Gari zima lilikuwa karibu kilo 725, hivyo injini ya farasi 118 ilitosha, breki hazikuhitaji servo (kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu), na tairi za mbele za 185/55 R15, upana wa milimita 185 tu, zilikuwa pana vya kutosha. Mwaka 2008 gari la umeme la Tesla Roadster lilijengwa kwa msingi wa ujuzi huohuo, likiwa na vizingiti vilivyoshushwa ili watu waingie kwa urahisi. Kila sentimita unayoipunguza kwenye kimo cha boksi lile inabidi uilipe kwingine.

Nyuzi za kaboni zimefika mbali zaidi. McLaren F1 ya mwaka 1992 ilikuwa ya kwanza barabarani kuwa na chumba kizima cha kaboni, kikitengenezwa kwa mikono kwa maelfu ya saa. MP4-12C ya McLaren hiyohiyo ya mwaka 2011 ilikuwa na chumba cha kilo 75 kinachotoka kwenye kalibu kwa saa nne hivi, kwa kusukuma resini (gundi ya maji inayogandisha nyuzi) ndani ya nyuzi kavu zilizofungiwa. Ni kazi kubwa ya uhandisi, lakini hata hapo fremu za mbele na nyuma ni za alumini, zinafungwa kwa bolti, na zikigongwa zinabadilishwa.

Chesisi iliyogundishwa haivutwi kwa mnyororo. Fundi wa bodi aliyezoea kupasha moto kwa gesi na kunyoosha akifanya hivyo hapa ataunguza gundi ambayo haioni, sentimita 30 kutoka mahali anapopasha, na kulainisha alumini palepale. Boksi kuu likijipinda, inabadilishwa chesisi nzima. Unaponunua gari la namna hii lililotumika, piga magoti na tochi: fuata mstari wa gundi iliyojitokeza kwenye kila kiungo. Uwe wa mfululizo, rangi moja, bila ufa wa unywele. Palipo na gundi mpya ya rangi nyingine, au skrubu iliyoondolewa na riveti ikawekwa, uliza. Na jiwe la grinda lililosaga chuma lisiguse alumini kamwe. Vumbi la chuma linajichomeka ndani na kuota kutu chini ya rangi, utaona malengelenge baada ya masika moja tu.