Matokeo Yakitangazwa: Mkristo na Fomu 34A

Uchaguzi mkuu wa Kenya utafanyika Jumanne, Agosti 10, 2027. Muda ungalipo, lakini malalamiko yameanza kufika mapema kwenye dawati letu la elimu ya uraia: wahubiri wanaotabiri mshindi madhabahuni, vikundi vya WhatsApp vya kwaya vilivyogeuka vijiwe vya kampeni, na waumini wenye swali lile lile: "Matokeo yakitangazwa, Mkristo afanye nini? Akubali tu?" Semina zetu za makutaniko zinaanza, na kwa kuwa hatutafika kila mahali, nalijibu hapa.

Kuombea viongozi, kuheshimu mamlaka, kumpenda jirani: hayo mnayajua, sitayarudia. Mimi nataka tuzungumze kuhusu amri ya tisa. Usimshuhudie jirani yako uongo. Katika kazi hii sijaona amri inayovunjwa na watu wema wengi namna hiyo, kwa siku chache namna hiyo, kama hii kati ya kufungwa kwa vituo na kutangazwa kwa mshindi.

Chukueni Agosti 2022. Tarehe 15 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, alimtangaza William Ruto mshindi kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, naye Raila Odinga akiwa na kura 6,942,930, asilimia 48.85. Kesho yake makamishna wanne waliojitenga na matokeo hayo walisema kwamba asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ziada hiyo ni kura kama 142,000. Ujumbe huo ulinifikia kupitia vikundi vitatu vya kanisa, kimoja kikiwa cha wazee wa kanisa. Sasa shika kalamu. Kura halali zilikuwa milioni 14 na ushee. Asilimia moja yake ni kama 140,000. Asilimia 0.01 ni kama 1,400. Na hata hizo 1,400 hazikuwepo popote. Ni desimali tu zilizosogezwa juu kila mgombea alipoandikiwa asilimia yake. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Katika kikundi cha wazee tulikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliusambaza na yeye, akaongeza alama ya uso unaolia.

Siwatetei walioshinda. Ujumbe wa upande wa pili nao ulikuwepo, na ulikuwa mbaya vilevile. Nasema kwamba kabla hujasema "wameiba" au "ni haki tupu", kuna karatasi ya kuangalia.

Karatasi yenyewe ni Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo kimoja cha kura. Kura za urais zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo huijaza, mawakala waliopo huitia sahihi, nakala hubandikwa hapo kituoni, na picha yake hutumwa kwa mtambo wa kielektroniki. Fomu halisi hupelekwa kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, ambako hesabu za vituo vyote huingizwa katika Fomu 34B, na za maeneo bunge yote huishia katika Fomu 34C, inayotumiwa kutangaza mshindi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho. Hakuna afisa wa juu mwenye ruhusa ya kuyabadilisha, isipokuwa mahakama. Mwaka 2022 picha za fomu hizo kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi mtandaoni, yeyote azipakue na kujumlisha mwenyewe. Wangapi kati yetu tulifungua hata ile ya kituo chetu? Huwa nauliza hivyo kwenye semina. Mikono haizidi mitatu.

Ukiona tofauti, njia ipo. Kwa urais, Katiba inampa mtu yeyote, si mgombea peke yake, siku saba tangu kutangazwa matokeo kuwasilisha kesi Mahakama ya Juu. Narudia: saba, na Jumapili imo. Mahakama nayo ina siku 14 tangu kesi kuwasilishwa kutoa uamuzi. Mwaka 2022 kesi ilifikishwa tarehe 22 Agosti, uamuzi ukatoka Septemba 5. Mlalamishi huweka dhamana ya gharama, shilingi milioni moja kwa kesi ya urais. Kwa gavana au mbunge ni 500,000, kwa mwakilishi wa wadi 100,000, na hapo muda wa kuwasilisha kesi ni siku 28. Wanaokuja ofisini siku ya 30 na bahasha ya picha, samahani, hatuna la kuwafanyia.

Kuna ndugu wanaosema kwenda mahakamani ni kukosa imani. Sijui Biblia gani wanasoma. Paulo alipoona hatatendewa haki Yerusalemu alikata rufani kwa Kaisari, na hakuna aliyemwita mtu asiye na imani. Mwaka 2017 waliokwenda mahakamani walisikilizwa: Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta uchaguzi wa urais, na kura ikarudiwa Oktoba 26. Mwaka 2022 waliokwenda walishindwa kwa kauli moja, na majaji wakaeleza kuwa baadhi ya ushahidi wa hati za kiapo ulikuwa wa uongo. Mlango ni ule ule. Na wewe unayeombwa uapie ulichosimuliwa, kumbuka kiapo cha uongo ni kosa la jinai hata kama aliyekuomba ni mzee wa kanisa.

Adhabu nyingine watu huisikia wakiwa tayari kituo cha polisi. Chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, anayechapisha au kusambaza maneno ya vitisho au matusi kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Zingatia neno "kusambaza". Kuandika "imetumwa kama ilivyopokelewa" hakukuvui kosa.

Kuhusu unabii nitakuwa mfupi. Hanania alitabiri kwamba nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka miwili, watu wakafurahi. Someni wenyewe Yeremia 28 jinsi ilivyomwishia. Mhubiri aliyetaja mshindi kwa jina na akakosea anadaiwa kusimama mbele ya kusanyiko lile lile na kukiri.

Walioshinda nao wana lao. Jumapili ya Agosti 21, 2022 siku za kwenda kortini hazijaisha, na tayari kuna kusanyiko nililohudhuria lililofanya ibada ya shukrani ya ushindi. Upande wa kushoto wa kanisa walicheza hadi viti vikasogea. Upande wa kulia mama mmoja alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akatoka kabla ya sadaka. Hakurudi hadi Krismasi. Warumi 12 inatuagiza tufurahi na wafurahio na tulie na waliao, na haikusema tuchague upande.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Kiambaa. Januari 1, 2008, siku mbili baada ya matokeo ya urais kutangazwa, kanisa lililokuwa na watu waliokimbilia usalama lilichomwa moto huko karibu na Eldoret, wengi wa waliokufa wakiwa wanawake na watoto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini katika ghasia zile. Baadaye viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande.

Semina zetu ni bure. Njoo na simu yenye nafasi ya picha, kwa kuwa zoezi la kwanza ni kuipiga picha Fomu 34A ya mfano tunayoibandika mlangoni, kona zote nne zionekane, sahihi za mawakala zisomeke.