Je, Wajua Kwa Nini Mbao Huota Manyoya Baada ya Kuoshwa kwa Maji ya Shinikizo?

Sakafu ya mbao iliyo nje, ikishapigwa na jua na mvua kwa miaka kadhaa, hugeuka rangi ikawa ya kijivu. Mwenye sakafu akiielekezea mashine ya kuoshea kwa maji ya shinikizo, huona ule ukijivu ukitoka papo hapo na rangi ya ubao mpya ikijitokeza. Furaha hiyo mara nyingi hudumu hadi mbao zikauke, kwani ndipo uso wake unapoonekana umeota nyuzinyuzi zinazochoma nyayo za anayetembea peku. Manyoya hayo hutoka wapi, ilhali kilichotumika ni maji matupu?

Jibu limo katika umbile la ubao wenyewe. Ubao umejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizogandamanishwa na lignini, ambayo ni kama gundi yake ya asili. Lignini hufyonza miale ya urujuanimno ya jua na kuvunjikavunjika, kisha mvua huisomba, na nyuzi za juu hubaki zimepauka bila cha kuzishikilia, huku kuvu wakizidi kuzitia weusi. Kwa hiyo ule unaoitwa uchafu, kwa sehemu kubwa, si uchafu hata kidogo. Ni ubao uliochakaa, na mashine huuondoa kwa kuuchimba. Jua na mvua humomonyoa mbao laini, kama za msonobari, kwa takriban milimita 6 tu katika miaka 100, lakini mashine iliyoshikwa vibaya yaweza kuchimba milimita nzima kwa dakika chache.

Tena haichimbi sawasawa. Katika kila pete ya ukuaji ya msonobari mna sehemu iliyokua mwanzoni mwa msimu, ambayo ni nyepesi na laini, na sehemu iliyofuata, ambayo ni nzito na ngumu. Maji hula ile laini na kuacha ile ngumu ikiwa matuta, na nyuzi zilizochanika bila kung'oka huvimba kwa unyevu, kisha husimama zinapokauka. Hayo ndiyo manyoya.

Shinikizo la maji ya bomba la nyumbani mara nyingi huwa paundi 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba, ilhali hata mashine ndogo ya umeme huweza kupita 1,500. Mbao laini hutoshelezwa na 500 au 600. Ikiwa mashine haina kirekebishi cha shinikizo, mtumiaji amebaki na nozeli, yaani ncha ya kutolea maji, na umbali: nozeli ya pembe ya digrii 40 huyatawanya maji yakawa kama upepeo, ilhali ile ya digrii 0 huyakusanya yakawa mshale unaokata ubao na hata ngozi ya mtu. Ni busara kuanzia mbali, kisha kusogea taratibu bila kukaribia zaidi ya sentimita 30 hivi, ukifuata urefu wa nyuzi na bila kusimamisha mkono, kwa kuwa kila mahali mkono unapotua hubaki alama. Mistari ya upinde inayoonekana kwenye sakafu nyingi ni saini ya mtu aliyeosha kwa kuyumbisha mkono huku na huku.

Kwa maoni yangu, mashine isipewe kazi ya kusafisha bali ya kusuuza tu. Kinachosafisha ni sodiamu pakaboneti, unga ambao ukiyeyushwa katika maji hutoa haidrojeni peroksaidi; humwagwa, huachwa kwa takriban dakika 15 bila kukauka, kisha husuguliwa kwa brashi ngumu isiyo ya waya, kwani chembe za chuma zikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo katika mbao, huacha madoa meusi. Dawa ya klorini huua ukungu vizuri, lakini hushambulia lignini ileile ambayo jua limekwisha kuipunguza.

Manyoya yakishaota, dawa yake ni msasa namba 60 au 80, mbao zikiwa zimekauka kabisa. Zisizofaa kupigwa msasa ni mbao kuukuu zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambayo nchini Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Vumbi lake lina sumu ya aseniki, na maji ya shinikizo huirusha sumu hiyohiyo udongoni.