Kinyama jichoni na picha ya mishipa ya damu: maswali na majibu

Baba anachunga ng'ombe huko Bahi, ana kinyama cheupe pembeni ya mboni, mwaka wa pili sasa. Si ni jua na vumbi tu?

Inawezekana, maana jua la Dodoma na upepo wake wa vumbi tunaujua wote, na vinyama vingi vya machoni sio saratani. Ila saratani ya juu ya jicho ikianza inafanana navyo kabisa, inakaa palepale weupe wa jicho unapokutana na kioo cha mbele, na jua hilohilo ni moja ya vyanzo vyake. VVU navyo vinachangia sana kwa nchi zetu, kuna watu wamejua hali zao kupitia kinyama cha jicho, kwa hiyo mzee akiambiwa apime asikatae jamani.

Mishipa ya damu inaingiaje hapo?

Uvimbe unaokua unataka damu, sasa unavuta mishipa upande wake, inanenepa, inapindapinda. Dokta kwa taa yake ya kukuza anaiona ile mikubwa ya juu, ila midogo au iliyofunikwa na utando mweupe inampita, ndo hapo picha ya mishipa inasaidia.

Picha yenyewe wanachoma sindano?

Kuna njia ya zamani ya kuchoma rangi ya fluoresini mkononi halafu wanapiga picha, lakini kwenye mishipa ya juu ya jicho rangi hiyo inavuja haraka, picha inaingia ukungu. Siku hizi kuna OCT angiografia, haina sindano, ni mwanga tu, mashine inaskani sehemu ileile mara kadhaa fasta fasta, nyama imetulia haibadiliki ila chembe za damu zinatembea, basi kompyuta inachukua ile tofauti na kuchora mishipa. Ni sekunde chache. Jicho likicheza picha inaharibika, na uvimbe ukiwa mnene sana mwanga haufiki chini.

Mishipa ikionekana mingi ndo saratani tayari?

Hapana! Kinyama cha kawaida kikivimba na kuwa chekundu nacho kinajaa mishipa. Picha inamsaidia dokta kuona uvimbe umesambaa wapi, na baadaye kulinganisha kama mishipa inapungua kwa dawa au inarudi, lakini jibu la uhakika ni kipande cha nyama kinachosomwa maabara kwa hadubini. Na hili nalisema kwa nguvu zote, msimkalishe mzee nyumbani kisa mashine hiyo haipo karibu, hospitali nyingi hazina na watu wanatibiwa vizuri tu.

Inatibika?

Ikiwahiwa ndiyo. Wanakata na kuacha nafasi pembeni, au wanatumia matone. Utafiti wa Kenya uliotoka 2016 uliwapa watu matone ya fluorourasili, dawa ya saratani, kwa muda wa wiki 4 baada ya upasuaji, ndani ya mwaka uvimbe ulirudi kwa watu kama 11 kwa kila 100, wakati waliopewa matone yasiyo na dawa ni kama 36.

Tuanzie wapi?

Kliniki ya macho yoyote yenye daktari, hospitali ya Mvumi hukohuko Dodoma wana huduma za macho miaka mingi, au hospitali ya rufaa mjini. Dawa za kienyeji na matone ya kununua bila cheti aache kabisa. Na akishakatwa muulizeni dokta kipande kimepelekwa maabara gani, majibu lini, halafu mrudi kuyachukua.