Mafuta ya jua si kipodozi: maswali kuhusu ualbino, ngozi na bajeti

Kwa nini ngozi yenye ualbino huungua upesi?

Kwa sababu mwili hutengeneza melanini kidogo mno, au hautengenezi kabisa. Melanini ndiyo rangi ya ngozi, nywele na macho, na ndiyo inayoikinga ngozi na mionzi ya jua. Hali hii hurithiwa kwa baba na mama, hata kama wote wawili ni weusi tii. Wakiwa wamebeba chembe hiyo ya urithi, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo shangazi anayemnyooshea kidole mama mzazi hana hoja.

Niende hospitali lini?

Ukiona kidonda kisichopona baada ya wiki chache, uvimbe unaovuja damu, au kigamba kigumu usoni, masikioni, shingoni au mdomoni. Usijikaze kiume. Saratani ya ngozi ikikutwa mapema mara nyingi hukatwa, mtu akapona. Ikichelewa huchimba hadi mfupa. Wanaochelewa siwaiti wazembe: wengine wamekosa nauli, wengine walishaambiwa kwamba ngozi yao “ndivyo ilivyo”.

Nitumie mafuta gani?

Yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi. Paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitokwa jasho. Mafuta ya mgando hulainisha ngozi, hayazuii jua. Hata mafuta mazuri peke yake hayatoshi: vaa kofia pana na mikono mirefu, na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni tafuta kivuli. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kitengo kinachotengeneza mafuta ya Kilisun mahsusi kwa ngozi yenye ualbino.

Kama dawa ipo, tatizo ni nini?

Bei, na mahali inapouzwa. Dukani chupa hiyo imepangwa pamoja na rangi za mdomo, na mkulima anayeshinda shambani hawezi kuinunua kila mwezi. Ndiyo maana Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, kilichoanzishwa 1978, na mashirika yaliyokifuata, kama Under the Same Sun, hayakuishia kugawa chupa. Yanabisha hodi serikalini pia. Kenya hodi hiyo iliitikiwa: mwaka 2011 serikali ilitenga shilingi milioni 100 kwa ajili ya watu wenye ualbino, na mafuta yakaanza kutolewa bure kupitia hospitali za umma.

Si rahisi zaidi mashirika yanunue tu?

Kwa mwaka mmoja, ndiyo. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na mtoto atahitaji mafuta maisha yake yote. Kinachodumu ni fungu kwenye bajeti na jina la dawa kwenye oda ya zahanati, ili mafuta yasafiri na dawa za malaria bila kungoja mgeni mwenye fulana ya shirika. Nikiulizwa hoja ipi huzaa matunda, nitasema hesabu. Picha ya kidonda humhuzunisha afisa mipango, lakini orodha ya wenye ualbino katika kila kata humpa kitu cha kuandika.

Na usalama wao?

Huwezi kumwambia mtu awahi kliniki ilhali anaogopa kushambuliwa njiani kwa sababu ya ualbino wake. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino. Shauri lilifunguliwa na mashirika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwa mojawapo.

Mtoto mwenye ualbino haoni vizuri ubaoni. Miwani itatosha?

Humsaidia, lakini mara nyingi haimalizi. Akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na apewe maandishi makubwa.

Mimi ni mzazi tu kijijini. Nianzie wapi?

Zahanati. Muulize mganga mfawidhi kama mafuta ya jua yamo kwenye maombi ya dawa. Hayamo? Lipeleke swali hilo hilo kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, kisha mkabidhi diwani nakala. Fanya hivyo mapema: Bunge la bajeti likianza Aprili, mipango ya halmashauri inakuwa imeshafungwa.