Je, wajua kwa nini kisu cha springi kuukuu hushika makali, na cha nondo hakishiki?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba maji ndiyo yanayokipa kisu ugumu. Chuma kikiwa chekundu, ukakitosa kwenye ndoo, kikalia "shwaa", basi ugumu umekwisha kuingia. Kwa imani hiyo nilikata kipande cha nondo, nikakifua jioni nzima, nikakitosa, nikakinoa mpaka kikanyoa malaika ya mkono. Kamba mbili tatu tu, makali yakalala. Nikakitosa tena na tena. Wapi!

Wapo pia wanaosema kwamba kufua sana ndiko kunakokaza chuma. Nyundo huleta umbo. Ugumu kidogo unaotokana na kugonga chuma cha baridi hufutika mara tu kinaporudi kwenye makaa. Na maji hayatii kitu chochote ndani ya chuma. Yanafunga tu kilichokuwamo tangu awali, yaani kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni asilimia 0.2 hadi 0.3 hivi, springi ya gari karibu 0.6, na tupa nzuri hufika 1 au kupita. Tofauti ndogo kiasi hicho ndiyo iliyokula jioni yangu.

Chukulia atomi za chuma kuwa mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Makali yanapopinda, mikeka hiyo inateleza. Kaboni ni kabari ya kuizuia, lakini kabari hiyo haiingii kirahisi: chuma kikiwa baridi, mianya kati ya atomi ni mingi lakini finyu. Kikiiva wekundu, atomi hujipanga upya, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote: katika mpangilio huo mpya zimebanana zaidi, ila mianya michache iliyobaki ni mipana. Kaboni inapenya.

Kikipoa polepole, atomi hurudia mpangilio wa zamani, na kaboni hupata muda wa kutoka na kujikusanya pembeni. Kikipoa ghafla, mlango unafungwa mgeni akiwa bado kizingitini. Kaboni hunaswa, mpangilio mzima hutanuka upande mmoja, na mikeka haitelezi tena. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Nondo nayo hufunga mlango vilevile, ila wageni ni wachache mno.

Wekundu wa kutosha ni upi? Naning'iniza sumaku kwenye waya kando ya tanuri. Kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi chuma huacha kuvutwa nayo. Nakiongezea moto kidogo, kisha nakitosa kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, kwa sababu maji hupoza kwa kasi inayoweza kupasua chuma cha springi.

Chuma cha kuokota hakina cheti, na si kila springi ina mchanganyiko uleule. Nyingine zimechoka barabarani, zina nyufa zisizoonekana kwa macho. Kata kwanza kipande kidogo, kipashe, kitose, kisha pitisha tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, umepata chuma cha kisu. Ikiuma, tafuta kingine. Baadaye kivunje kipande hicho uangalie ndani: chembe laini za kijivu ni dalili njema, chembe kubwa zinazometameta zaonyesha moto ulizidi.

Kisu kilichotoka kwenye mafuta bado hakifai kazi. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama kigae, maana kabari zimebana kupita kiasi. Kisugue mpaka king'ae, kisha pasha mgongo wake taratibu. Rangi itaanza kutambaa: manjano hafifu, kahawia, zambarau, buluu, kila moja ikiifukuza iliyotangulia kuelekea kwenye makali. Ni utando mwembamba wa oksidi unaozidi unene kadiri joto linavyopanda. Manjano ya majani makavu, nyuzi 220 hivi, yakigusa makali, kitose mara moja. Mgongo utabaki wa buluu, laini zaidi, wa kuhimili kishindo.