Farumi haiondoi mrama

"Mashua yaenda mrama? Itie mawe chini!" Ushauri huu utausikia Mombasa kila kusi inapoichafua bahari. Nusu yake ni kweli: farumi, yaani mawe hayo ya uzito, ikiwa chini, mashua haipinduki kwa urahisi. Lakini mrama, yaani kule kulala huku na huku, hauondoki, na mara nyingi huwa mkali zaidi. Mashua ikilala upande, ule uzito huirudisha kwa kishindo, ikapita katikati, ikaangukia upande wa pili, na abiria tumbo limempanda kooni. Tena ukizidisha mawe, chombo hukaa chini mno na kuanza kuchota maji.

Cha ajabu, mlingoti ukivunjika, mrama huwa wa haraka zaidi, ingawa uzito wa juu umepungua. Mlingoti ndio uliokuwa ukichelewesha kila mlalo.

Kinachoupunguza mrama ni kitu cha kushindana na maji au hewa. Itazame ngalawa: matengo yake, ile miti ya pembeni inayogusa maji, yako mbali na mtumbwi, kwa hiyo hata kipande chembamba cha mti kinashindana na maji. Tanga dogo lililokazwa vizuri nalo husaidia, hata kama mashua yaenda kwa mashine.

Ukiwa umetia nanga, toa upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) ubavuni, uning'inize kwa kamba ubao mpana uliofungwa chuma upande mmoja, uzame kabisa majini. Ubavu ukishuka, ubao unazama kwa upande wa chuma. Ukiinuka, unalala kama sinia na kuvutana na maji. Mimi ningeanza na huo kabla ya kubeba jiwe hata moja.