Chini ya bahari hakujapoa
Kwa kuwa maji huzidi kuwa baridi kadiri unavyozama, wengi huamini ardhi ya huko chini nayo imepoa. Maji ni kweli: kilindini huwa na nyuzi joto 2 hivi. Mwamba ni habari nyingine. Mwaka 1952 wanasayansi wa bahari Roger Revelle na Arthur Maxwell walichapisha vipimo vya joto linalotoka kwenye sakafu ya Pasifiki, vilivyopatikana kwa kuchomeka mkuki wa chuma wenye vipimajoto kwenye tope la chini. Hata wataalamu walitarajia joto hafifu, maana miamba ya bahari ina urani (madini ya mionzi yanayotoa joto ndani ya mwamba) kidogo kuliko ya bara. Wakakuta linakaribiana na la nchi kavu! Sababu ilieleweka baadaye: sakafu ya bahari huzaliwa ya moto kwenye safu za milima ya chini ya maji, kisha huendelea kupoa taratibu kwa mamilioni ya miaka.